Mbona Umepotea, Sabri?

Nashwa alikuwa akikaanga vitunguu vya kumwagia juu ya bisara, rojo zito la maharage, wakati mumewe, Sabri, aliposhuka kwenye tramu na kuanza kupanda ngazi. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Sabri alipanda polepole, akapumzika ghorofa ya pili kama alivyozoea, kisha akagonga mlango kwa kidole kimoja. Nashwa alizima jiko kwanza, maana vitunguu vikiungua nyumba nzima hunuka, ndipo akaenda kufungua. Sabri alikuwa amefariki mwaka juzi.

"Umechelewa kufungua," alisema Sabri.

"Mikono ilikuwa na mafuta. Ingia, Baba Rawya. Umekujaje?"

"Kwa tramu. Kondakta ni Mitwalli, yule kijana wangu wa zamani. Nikamtolea nauli, kakataa. Eti wafu hawakatiwi tiketi."

Sabri alikuwa ameendesha tramu ya Karmuz, mtaa wa Iskandaria, tangu ujanani mpaka siku moyo wake uliposimama. Aliketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaikunja sanda vizuri magotini, akatoa karatasi iliyokuwa na unyevu wa udongo.

"Barua yako nimeipata," alisema, akaisoma kwa sauti. "Mpendwa Sabri, mbona umepotea? Tunakukumbuka. Rudi, mahali pako papo." Akatabasamu. "Nikasema, mwanamke huyu tangu tuoane hajaniandikia hata mstari mmoja, leo kaandika. Nikaamka."

Chini ya maneno yale palikuwa na picha ya godoro. Sabri alidhani ni kitanda chao.

Nashwa aliitazama picha ile. Alipakua bisara, akakata mkate. Sabri alikula kidogo, akayachokoa majani ya kijani kwa kijiko.

"Haya yanaitwaje?"

"Kotimiri. Ndiyo uliyokuwa ukiipenda."

"Kotimiri," alisema Sabri, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akaaga, akateremka kuiwahi tramu ya kurudi makaburini.

Barua ile Nashwa aliijua ilikotoka. Alikuwa akifanya kazi kwa Ustadh Wagdi, mwenye tovuti ya kusomea hitima. Aliyefiwa aliandika jina la maiti wake katika tovuti, na watu wasiojuana, huyu yuko Tanta na yule yuko Aswan, waligawana juzuu mpaka Kurani ikakamilika. Ilikuwa kazi nzuri, na Nashwa aliifanya akiwa na udhu. Tovuti iliomba anwani ya barua pepe ili mfiwa apelekewe habari hitima ikimalizika. Lakini watu wa Iskandaria walijaza anwani ya marehemu mwenyewe. Hakuna aliyewaelekeza. Waliona ni utovu wa adabu kumsomea mtu hitima bila kumpa habari. Nashwa naye alikuwa ameijaza ya Sabri.

Mwanzoni mwa mwaka Ustadh Wagdi alimwambia akusanye anwani zote mahali pamoja. "Zinakwenda kwa ndugu zetu," alisema. Nashwa alidhani ni ndugu wa msikiti mwingine, nao wanataka kusoma. Hakuuliza ndugu gani.

Asubuhi baada ya Sabri kuja mara ya kwanza, Nashwa alipokuwa akiteremsha kikapu kwa kamba ili muuza ful amtilie maharage yake, Bi Ihsan wa jirani alimwita kutoka roshani ya pili.

"Wewe Mama Rawya! Mwambie tajiri wako, mama mkwe wangu nilimzika mara moja. Sikuagiza wa pili!"

"Naye kaja?"

"Kaja! Ana karatasi, kaahidiwa punguzo la viatu. Nikamwambia, mama, viatu vya kwenda wapi? Akanijibu, kumbe ulimi wako bado uko hivyo hivyo. Kisha akakagua jiko langu!" Bi Ihsan alicheka. Akainamia ukuta wa roshani. "Lakini mwenzangu, nilipomtajia jina la mwanawe, mume wangu huyu, hakulijua. Alimwita 'wewe kijana.'"

Ndivyo ilivyokuwa. Maiti akiamshwa hulipa kwa kitu alichoingia nacho kaburini. Barua zilizidi, kwa sababu wauza magodoro waliwauzia anwani wauza viatu, na wauza viatu wakawauzia wauza dawa za mvi. Sabri alikuja karibu kila magharibi, na kila mara kilipungua kitu. Alisahau majina ya vituo vya tramu, kimoja kimoja, kuanzia mwisho wa reli. Alisahau upande anaolalia. Nyusi zake zilififia na pua ikapungua, kama sabuni inayotumiwa na watu wengi.

Nashwa alimwendea Ustadh Wagdi ofisini. Kwenye kiti cha ukumbini alikuwa ameketi mzee mwenye sanda, karatasi mkononi. Alikuwa babake Ustadh Wagdi. Alikuwa amepewa kahawa na kuambiwa asubiri kidogo, na kahawa ilikuwa imepoa.

"Ustadh, ifute anwani ya Sabri. Na za wengine. Hawalali."

Ustadh Wagdi alikuwa na alama ya sijida kwenye paji la uso, na sauti ya upole. "Mama Rawya, dada yangu, nifute wapi? Kwangu nitafuta, hata sasa hivi. Lakini kule ilikokwenda mimi sina mkono. Ukishatia chumvi baharini, utaichota?"

"Uliniambia zinakwenda kwa ndugu zetu."

"Na wauza magodoro si ndugu zetu? Wanaswali vilevile." Akafungua mikono. "Kwani nimeuza nini? Nimeuza herufi. Sijamuuza mtu."

Kule ukumbini mzee aliuliza kama zamu yake imefika. Ustadh Wagdi alimwambia bado kidogo, baba.

Jioni ile Nashwa alimsimulia Sabri habari za binti yao, kwamba Rawya ana mimba huko Tanta na miguu inamvimba. Sabri alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mungu amfungue salama," alisema. "Rawya ni nani?"

Nashwa aliinuka, akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba ili yasikike hayo badala ya kilio chake. Aliomba dua fupi. Kisha akarudi, akaketi karibu na miguu ya Sabri.

"Sikiliza, mume wangu. Barua hizi si zangu."

"Za nani?"

"Za wenye biashara. Wanauza magodoro, wanauza viatu. Hawakujui."

Sabri alifikiri. "Wanamkumbukaje mtu wasiyemjua?"

Nashwa alimpangusa udongo kwenye sanda.

"Hata ile ya kwanza?"

"Hata ile."

Sabri aliitoa barua ya kwanza, ambayo alikuwa akitembea nayo kifuani, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Siku ile nilifurahi sana," alisema.

"Usije tena. Wakiita, lala tu. Mimi nitakuwa nikikusomeshea hitima, na ikikamilika utaletewa habari yenye jina langu chini yake, Nashwa Abdelmawla. Hiyo isome, halafu urudi usingizini. Nyingine zote ziache."

"Nashwa Abdelmawla," alisema Sabri. Alilirudia mpaka mlangoni, na akaendelea kulirudia akiteremka ngazi, kama alivyokuwa akitaja vituo enzi za kazi yake.

Hakuja tena. Alhamisi Nashwa alikwenda makaburini na mikate ya shureki na tende, akawagawia maskini kwa ajili ya roho yake, akaugusa udongo wa kaburi kwa kiganja. Ulikuwa umeshikamana. Kwenye makaburi ya jirani udongo ulikuwa tifutifu, kama shamba lililolimwa jana. Hitima moja ikakamilika, kisha ya pili. Usiku alilala upande wake wa kitanda, akamshukuru Mungu kwamba upande wa pili ni mtupu.

Kisha wanunuzi wakalalamika. Walisema watu wa orodha ile wameanza kuwa wazito kuitika. Walitaka na majina ya waliowaandikisha, mke, mwana, dada, ili barua ziwe na uchangamfu. Ustadh Wagdi alimwomba Nashwa ayatayarishe. Nashwa alisema hayatayarishi, akachukua birika lake dogo la kahawa na mswala wake, akaenda zake. Ukumbini mzee alimpungia mkono. Ustadh Wagdi aliifanya kazi ile mwenyewe, na haikumchelewesha kwa chakula cha mchana.

Nashwa alikuwa akikaanga vitunguu aliposikia nyayo ngazini. Zilipumzika ghorofa ya pili. Kidole kimoja kikagonga.

Sabri alisimama mlangoni na karatasi yake. Uso ulikuwa umebaki kidogo tu, macho na mstari wa mdomo.

"Safari hii ni wewe," alisema. "Nimeliona jina."

Nashwa aliisoma. Mpendwa Sabri, mbona umepotea? Rudi nyumbani. Wako, Nashwa Abdelmawla. Chini palikuwa na godoro lilelile.

Alijua kwamba akikana, kesho Sabri ataiweka hata habari ya hitima pamoja na takataka nyingine, na hatakuwa na sauti tena ya kuiamini kutoka upande huu wa walio hai. Akikubali, atakuja, na kuja, mpaka pasibaki mtu wa kufunguliwa mlango. Sabri alimngoja. Alikuwa amesahau mengi, lakini kungoja hakukusahau.

"Si ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Nashwa. "Ingia, Baba Rawya. Chakula kiko tayari."

Jikoni vitunguu vilianza kuungua. Aliviacha, akamvutia kiti karibu na dirisha.