Kuvuka Matuta

Muthamia alisimama mlangoni mwa jikoni, nyayo zimegandamana na sakafu. Mkewe, Jedidah, alimshika mikono yote miwili.

"Baba Kathambi, njoo. Hatua moja tu."

"Usinivute."

Alimvuta, maana alikuwa amechoka. Muthamia alienda mbele kama gogo, akamwangukia. Nyonga ya Jedidah iligonga saruji, naye akatoa ukelele ambao mumewe hakuwahi kuusikia maishani.

Kabla ya ugonjwa wa Parkinson kumkaza viungo, Kibirichia nzima ilimjua Muthamia kwa viazi vyake na kwa mwendo wake wa haraka. Kule hospitalini Nkubu, Gatwiri, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa amembandikia mistari ya tepu sakafuni. "Mzee, usiwaze kutembea," alimwambia. "Waza kuvuka." Naye akavuka, mstari baada ya mstari, hadi Jedidah akalia kwa furaha. Lakini Jumapili moja miguu ilimgandia mbele ya madhabahu, watoto wakacheka. Tangu hapo hakurudi kanisani wala Nkubu, na Jedidah alipotaka kuchora mistari nyumbani, alimkemea. Nyumba yake haikuwa chekechea.

Sasa Jedidah alikuwa amelala chali, uso umemparara. "Siwezi kuinuka. Mwite Kinyua."

Simu ilikuwa dukani ikichajiwa. Kwa Kinyua, jirani yao, ni ng'ambo ya shamba la viazi. Muthamia alijiinua kwa kushikilia meza, akageukia mlango wa nyuma. Miguu ikakataa. Kati yake na mlango ilinyooka miguu ya mkewe.

"Nivuke," Jedidah akasema.

"Mama Kathambi, siwezi kukuruka kama mzoga."

"Nivuke!"

Alimvuka.

Nje, njia ilikuwa tambarare, haina cha kuvuka, nayo ikamshika papo hapo. Alisimama akihema, akikisikia kilio cha mkewe kikififia nyuma yake. Ndipo akaacha njia, akaingia shambani, akayakata matuta kwa upana. Kila tuta lilikuwa kitu cha kuvuka. Alikanyaga mashina machanga aliyoyapalilia Jedidah peke yake, akiomba msamaha kwa sauti isiyosikika, akaendelea, jasho likimwingia machoni.

Kisha matuta yakaisha. Mbele palikuwa na nyasi tupu, na ng'ambo ya nyasi, ua wa Kinyua. Miguu ikaganda.

"Kinyua!" aliita. Ugonjwa ulikuwa umemla hata sauti. Kilichotoka ni pumzi. Aliita tena. Moshi uliendelea kupanda kutoka jikoni kwa jirani, na mtu huko ndani akacheka kwa jambo lake.

Muthamia alitazama nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka humo tena. Alijaribu kuwaza mstari. Hakuuona.

Akakunja magoti, akajishusha taratibu hadi mikono ikagusa umande, akaanza kutambaa. Suruali iliraruka gotini. Tope lilimwingia hadi kwenye pete ya ndoa. Watoto wa Kinyua walitokea langoni, wakamwona, wakanyamaza. Hakuinamisha uso.

Kinyua alikuja mbio. "Mzee Muthamia! Umeanguka?"

"Sijaanguka." Ilibidi jirani ainame ili amsikie. "Nimekuja. Niache hapa hapa. Kimbia kwa Jedidah."