Ukili wa Mkono wa Kushoto

Siku ile nililala mchana, jambo ambalo si kawaida yangu, kwa sababu moyo ulikuwa umechoka kuliko mwili. Nimefundisha kusuka ukili kwa miaka sita katika kituo cha sanaa cha mtaa wetu, kile kilichokuwa ghala la mkonge, ambako sasa watoto hujifunza kuchora, kufinyanga na kupiga ngoma, na likizo ikifika huwa na kambi ya wiki mbili. Darasa langu lina desturi moja. Kila mtoto husuka ukili wake, yaani ule utepe mrefu wa majani ya ukindu, kisha tunaziunganisha kili zote kwa sindano mpaka tupate mkeka mmoja mkubwa. Siku ya kufunga kambi, mbele ya wazazi, kila mtoto hukaa juu ya ukili aliousuka mwenyewe na kutaja jina lake.

Mwaka huu nilikuwa na Salha, mtoto wa miaka tisa, mpole, anayetumia mkono wa kushoto. Ukili wake ulilalia upande tofauti na wa wenzake, na katikati ulikuwa umelegea. Nikauchukua nyumbani bila kumwambia, nikaufumua wote, nikausuka upya kwa mkono wangu, ukatoka mzuri kabisa. Nilidhani nimetenda wema. Asubuhi ile nilipompa, aliupitisha vidoleni mara mbili, akasema mbele ya darasa, "Bibi, huu si wangu. Wangu ulilalia huku."

Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikamjibu, "Ni wako, mwanangu. Umesahau tu."

"Salha kasahau mpaka mkono wake!" akadakia mwenzake mmoja, Mwinyi, na wote wakacheka. Salha hakulia. Aliuweka ule ukili chini taratibu, akaniambia, "Kwaheri, Bibi," akaenda kwao. Kambi ilikuwa inafungwa kesho yake. Mwalimu Kibwana, msimamizi wa kituo, aliona uso wangu, akaniletea kikombe cha chai ya tangawizi bila kuniuliza neno, na wema wake ukanichoma kwa sababu sikuustahili. Nikarudi nyumbani, nikajinyoosha kitandani na ushungi wangu kichwani, na usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi isiyo na udongo. Ardhi yote ilikuwa imesukwa, vilima na mabonde yake, na kila hatua yangu ilitoa ule mlio mkavu wa mkeka mpya. Njiani alinipokea mwanamke mrefu, mikono yake imeingia rangi ya zambarau kwa kuchovya ukindu miaka mingi. "Mimi ni Subira," akasema. "Kila siku unawaambia watoto wawe na mimi. Wewe mwenyewe hatujaonana siku nyingi." Nikainamisha uso. Hakunikaripia zaidi, alinishika mkono kama mtu anavyomshika mgonjwa, tukaenda pamoja.

Tukafika mji mzuri ajabu, nyumba zake zote zimenyooka, kila ukuta umechorwa maua yasiyo na kosa hata moja. Langoni alisimama bwana mnene, kanzu yake inang'aa, na nyuma yake umati ukipiga makofi bila kupumzika. Huyo alikuwa Sifa. "Ewe fundi! Mkono usiokosea! Karibu kwako, kiti chako kiko tayari!" Nakiri mbele yenu kwamba nilifurahi, na mguu wangu mmoja ukavuka kizingiti. Lakini ndani niliwaona watoto wamekaa vibarazani, mikono mapajani, hawachezi wala hawagombani. Nikamwinamia mmoja na kuishika mikono yake. Viganja vyake vilikuwa laini kama yai, havina hata mstari mmoja.

"Mbona mmekaa tu?" nikamuuliza.

"Tunangoja," akasema. "Kila tukianza kitu anakuja mtu mzima kukimalizia. Na wewe umekuja kutumalizia?"

Kabla sijajibu akatokea mwanamke mwenye uso wa upole, anapita mbio kutoka mtoto hadi mtoto. Huyu alimnyang'anya brashi, yule alimfunga kamba za viatu ambazo mtoto mwenyewe alikwisha kuzifunga, mwingine alimshika kidevu akamsemea jina lake. "Lete, kipenzi, lete. Hutaweza. Nipe nikusaidie." Sauti ile niliifahamu. Alipogeuka nikaona amejifunga kanga yangu ya bluu, na jino lililong'oka ni lile lile lililoning'oka mimi. Nikamshika Subira kwa nguvu. "Huyu nani?"

"Anajiita Huruma," akanijibu, "na wengi hapa humwita hivyo. Mtazame vizuri, amewahi kumsikiliza mtoto hata mmoja?"

Nikatazama kwa muda mrefu. Hakumsikiliza hata mmoja. Nikaomba tuondoke.

Nje ya mji kulikuwa na uwanda mpana, na katikati yake bibi mmoja mdogo wa mwili alikuwa anashona mkeka usioonekana mwisho. Juu ya mkeka walikaa watu wasio na hesabu, kila mmoja juu ya ukili wake; nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda, mmoja umeliwa na panya, na mwenyewe amekaa juu yake kwa heshima zote. Lakini palikuwa na pengo moja jembamba, na upepo wa baridi ulipita hapo ukawafanya waliokaa karibu wajikunyate. Sikuhitaji kuambiwa ni pengo la nani. Ule ukili wangu mzuri ulikuwa mkononi mwangu, nikaupeleka.

"Huu siushoni hapa," akasema yule bibi, ambaye jina lake ni Ukweli. "Wako uko kule, mstari wa kwanza, tangu ulipokuwa msichana. Mtu hakai mahali pawili."

"Basi nipe ule wake niurudishe."

"Uliufumua mpaka jani la mwisho. Sina."

"Nilifanya kwa kumhurumia."

"Ulimhurumia nani? Mtaje."

Nikafumbua kinywa niseme Salha, na jina lililotoka lilikuwa langu mwenyewe. Nililisikia likienda mbali katika uwanda ule, na wote waliokaa wakageuka kunitazama, bila chuki. Ukweli akaweka sindano chini. "Kufumua kazi si kosa kubwa. Hata mimi hufumua. Lakini yeye alijua kitu kwa vidole vyake, nawe ulimwambia hakijui. Akikuamini wewe, hataviamini tena vidole vyake maisha yake yote. Asipokuamini, amempoteza bibi. Ulimwambia mbele ya nani?"

"Mbele ya wenzake," nikasema.

Akaokota sindano yake, akaendelea kushona.

Adhana ya alasiri iliniamsha, uso umelowa. Nilikaa kitandani nikaona wazi kwamba sikuogopa Salha atachekwa. Niliogopa wazazi waseme kwamba mimi, Bi Mwanakombo, siku hizi sijui kufundisha. Kwa hofu hiyo nilimwambia mtoto uongo machoni. Nikaswali, nikachukua kitita cha ukindu, nikaenda kwao.

Mama yake alikuwa anapeta mchele barazani. "Karibu, Bibi. Huyu kashinda ndani, hata kula hataki." Salha akatoka, akaniamkia, akakaa mbali kidogo.

"Salha, ule ukili haukuwa wako," nikasema. "Wako niliufumua mimi. Ulipokataa ulikuwa sahihi, na mimi nilisema uongo. Nisamehe, mwanangu."

Mama yake aliacha kupeta. Salha akaniinulia uso.

"Utawaambia na wengine?"

"Kesho, kabla ya kukaa. Na wazazi wao wakisikia."

"Na Mwinyi aliyenicheka?"

"Mwinyi nitamketisha mbele kabisa."

Akakaribia kidogo. "Lakini sasa sina ukili."

"Jua bado lipo. Utakuwa mfupi."

"Mfupi sana," akasema, akachukua ukindu, akaanza kwa mkono wake wa kushoto. Akasuka pole pole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kwenye mzunguko wa nne aliruka jani moja. Vidole vyangu vikanyanyuka vyenyewe. Nikaviweka chini ya mapaja yangu, nikavikalia. Sijui kama aliliona lile jani. Aliendelea kusuka, nami nikaendelea kukaa.