CD-ROM Inayopona Mjini Tu

Kompyuta ya kikundi cha Wikwatyo haikuwahi kulala nyumba moja. Skrini ililala kwa Ndinda, mwenyekiti. Kibodi na mouse vililala kwa Nthenya, mweka hazina. CPU, lile sanduku lenyewe, ililala kwa Munyiva chini ya kitambaa cha kufuma, na ole wake kuku aliyeipanda. Ndani ya CPU kulikuwa na waya mmoja mpana, bapa kama utepe, unaoipasha CD-ROM habari. Huo ulichomolewa ukakabidhiwa Mzee Urbanus, mwanamume pekee kikundini, tangu vijana wa soko walipofumaniwa wakitazama sinema za ngumi kutwa nzima. Bila ule waya kompyuta iliandika barua vizuri, ila CD haikufunguka. Kukiwa na kazi ya CD, mzee alikuja nao mfukoni mwa koti, akauchomeka, na kazi ikiisha akauchomoa.

Usiwacheke. Watu hawa wameibiwa tangu enzi za baba zao. Chama cha kahawa kiliwala. Katibu wa zamani alitoroka na pesa za ng'ombe wa maziwa. Harambee ya zahanati ilichangwa na wajane, na zahanati yenyewe mpaka leo ni msingi na nyasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana sanduku lao la akiba lilikuwa na kufuli tatu kwa watu watatu, na sheria moja ikisomwa kila mkutano kabla ya sala: sanduku na ufunguo havisafiri pamoja. Kompyuta ya msaada ilipofika, mashine iliyochakaa huko kwa wafadhili wakatuletea sisi tuipigie makofi, sheria ile ile ikaifunika.

Jumatatu ile CD-ROM iligoma.

Na haikuwa CD ya nyimbo. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuja kujifunza juu ya bwawa lao la mchanga alikuwa amepiga picha malori yakizoa mchanga wake, akazitia kwenye CD hiyo. Bwawa hilo ni ukuta tu unaokata mto mkavu. Mawe yake yalibebwa mgongoni na akina mama hao hao, kwa kazi ya pamoja, mwethya baada ya mwethya, nyuma yake mchanga ukajaa, na ndani ya mchanga maji hujificha jua lisiyaone. Ukizoa mchanga umezoa maji. Afisa wa maji alisema hana la kufanya bila ushahidi wa macho, maana kila alipokuja mtoni hakukuta lori hata moja. "Nionyesheni," alisema. "Nitakuja hapo kanisani mnapowashia kompyuta, Ijumaa. Nikiona, nasimamisha." Ulikuwa mwaka wa kwanza wa serikali mpya, na watu bado walikuwa wakiamini neno la afisa.

Basi taa ya CD-ROM iliwaka kijani, kidomo chake kikatoka, kikaingia, na kompyuta ikakana kabisa kuwa na CD-ROM. Walipuliza vumbi. Walizima, wakawasha. Ndinda aliweka mkono juu yake akaomba.

"Imekufa," akasema Mzee Urbanus, akauchomoa waya wake, akaukunja mara nne kama leso na kuutia mfukoni.

Kesho yake Munyiva aliibeba CPU mgongoni kama mtoto mwenye homa hadi mjini Machakos, kwa fundi Kabiru. Nthenya alifuata nyuma, kazi yake kumtazama fundi mikono. Alikuwa ametia kila kipande alama ya rangi ya kucha, kisibadilishwe.

"Mama, si utoke kwa light yangu," Kabiru alilalamika.

"Nitatoka ukimaliza. Sisi tunajua nyinyi."

Kabiru akafungua mfuniko, akaona pale pa waya pako wazi. Kwake hilo halikuwa jambo geni, mashine nyingi humfikia zimeshachunwa. Akavuta waya wake uliokuwa ukining'inia mezani, akachomeka, akatia CD ya kwaya. Kwaya ikaimba mpaka watu wa duka la pili wakachungulia.

"Hii kitu haina shida."

"Haina shida namna gani na nyumbani imekataa?"

"Labda ni stima yenu. Ama ni hiyo barabara ya kwenu imeitingisha. Sasa iko sawa, mathe. Peleka."

Munyiva akapeleka. Ikakataa.

"Wewe," Ndinda akamuuliza mbele ya wote, "ulipitia wapi na hii mashine?"

"Mwulize Nthenya. Tulikuwa pamoja."

"Aiya! Mimi nilitazama fundi," Nthenya akaruka. "Njiani mimi nilitazama njia."

Munyiva akahisi masikio yakiwaka moto. Aliibeba tena. Safari hii Kabiru alijikuna kidevu. Akaichezesha ile CD-ROM, ikacheza. Akaipiga kofi, ikaendelea kucheza.

"Hizi za msaada ni wagonjwa wa aina hiyo," akasema hatimaye. "Ikifika kwa daktari inapona. Tutoe, tuweke mpya, tulale."

Akafungua skrubu za pembeni, akachomoa waya wa stima, akaisukuma CD-ROM kuukuu ikatoka mbele kama droo. Mpya ilitoka kwenye katoni inang'aa. Akaiteleza ndani, akaikaza, akairudishia stima, akachomeka tena ule waya wake wa mezani, na kwaya ikapanda. Kisha akachomoa kilicho chake. Nthenya alichukua CD-ROM kuukuu, alama yake ya kucha ikiwa bado ipo, pamoja na katoni na chochote kilichobaki ndani, akavifungia kwake. Kitu cha ziada, alisema, ni mwanya wa mwizi.

Alhamisi ile mpya nayo ikakataa.

Hapo Munyiva alichanganyikiwa kweli kweli. Alirudi nyumbani na CPU, akaiweka juu ya meza, akakaa mbele yake bila kuwasha moto wa chakula. Sanduku ni lile lile. CD-ROM ni mpya, ameiona kwa macho yake ikiimba. Stima ya kanisa haiwezi kuwa mbaya, maana barua zinaandikika. Basi ni nini? Ni meza? Ni mikono yake? Njiani alikuwa amesikia mtu akisema kuna wanawake ambao vitu haviwakubali, na badala ya kukasirika alijikuta akijitazama viganja.

Ijumaa asubuhi wakaunganisha tena, kila mtu na kipande chake. Afisa alikuwa ameshafika, ameketi benchi la mbele, soda mkononi, akitazama saa. Mzee Urbanus akauchomoa waya mfukoni, akaukunjua. Munyiva aliutazama. Mikunjo ilikuwa imekaa juu yake kama mikunjo ya shuka la sandukuni, na kwenye mkunjo mmoja nyuzi nyembamba zilikuwa zinachungulia.

"Mzee," akasema polepole, kwa kuwa alikuwa bado hajiamini, "huo waya umewahi kufika Machakos?"

"Ufike kufanya nini? Huu ni ufunguo."

"Kabiru anatumia wake."

"Na mimi natumia wangu."

"Si ndiyo nasema! Huko kila kitu ni chetu isipokuwa waya. Hapa kila kitu ni kile kile, na waya ni wako."

Kisha mzee akavimba. "Munyiva, unasema mbele ya mgeni kwamba mimi ndiye nimeharibu mali ya kikundi?"

"Nasema umeukunja, mzee wangu. Hata mimi ungenikunja hivyo ningevunjika."

Akina mama wakaangua kicheko, na Nthenya, aliyekuwa akicheka kuliko wote, akanyamaza ghafla. "Kwa katoni iko mwingine," akasema. "Mpya. Umefungwa na kamba yake. Mimi nilijua ni wa ziada." Akakimbia kwake kuuleta.

Walibishana kama ni halali kuuchomeka waya usio na mwenye kuutunza. Munyiva hakungoja kura. Aliuchomeka kwa mikono yake, na kompyuta ikaikiri CD-ROM kana kwamba haikuwahi kuikana.

Picha zikafunguka. Lori la kwanza. Lori la pili. Ukuta wa bwawa ukionekana miguu yake mitupu, vijana na sepetu, namba za gari wazi kabisa. Afisa alisogea, akasogea tena. Kwenye picha ya lori la bluu aliacha kunywa soda.

"Hii CD nani mwingine ameiona?"

"Ni sisi tu."

"Basi nipeni niende nayo. Ofisi itaishughulikia."

Ndinda alikuwa tayari anainua mkono kumpa, kwa mazoea ya heshima. Munyiva akamshika mkono. Hakujua anahofu nini, ila neno "itaishughulikia" alikuwa amelisikia kuhusu kahawa, na kuhusu zahanati.

"Ulisema ukiona unasimamisha," alisema. "Umeona. Twende mtoni usimamishe."

"Leo sikupanga kwenda mtoni, mama."

"Si mbali."

Walimzunguka tu, kwa adabu, wakatembea, naye akajikuta anatembea. Walipoteremka ukingoni, lori la bluu lilikuwa limeegeshwa palipokuwa na maji, limejaa nusu. Dereva alimwona afisa, akatabasamu, akavua kofia.

"Mkubwa! Leo umekuja mwenyewe? Mbona hukupiga simu kama siku zile zingine?"

Afisa alijifuta uso kwa kitambaa, akaanza kueleza jambo kwa Kiingereza.

"Sasa," Ndinda akanong'ona, "tunamshtaki nani kwa nani?"

Kichwa cha Munyiva kilikuwa kimejaa ukungu ule ule wa wiki nzima, na safari hii hapakuwa na waya wa kutazama. Akashuka ndani ya shimo walilochimba wazoa mchanga, mchanga mkavu ukimmeza vifundo, akaenda akaketi mbele ya gurudumu la lori na kunyoosha miguu. Baada ya kitambo Nthenya akaja akaketi ubavuni mwake. Kisha Ndinda. Kisha Mzee Urbanus, akilalamika kuhusu magoti yake.