Fito za Ndani

Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni, ukazunguka sakafuni, ukatulia. Jogoo walikuwa bado hawajawika. Mbuke alitega sikio akingoja mkwewe auokote, maana Apolonia hakuwa mtu wa kuacha kitu chini. Mfuniko haukuokotwa.

Alimkuta ameinama penye mafiga, anatapika mpaka machozi yanamtoka, mkono mmoja tumboni. Mimba ilikuwa changa, hata kanga ilikuwa haijaanza kuinuka. Mimba zilizotangulia hazikufika popote.

"Umekula nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Viazi pori, mayu, mama yangu. Nilivichimba kule kwenye kichuguu."

Mwaka ule mvua iliikataa Kishapu. Kwao Apolonia, Ushirombo kwa Wasumbwa, kuna kiazi pori kinachotambaa juu ya vichaka, na watu hukila njaa ikiwabana. Aliona bua kavu linalofanana nacho, akachimba. Hakuwahi kuliona bua lile wakati wa mvua, likitoa maua mekundu yenye kingo za njano, wachungaji wakiwafukuza ng'ombe wasiliguse. Jioni alikuwa amempakulia Mbuke michembe yote iliyobaki, vile viazi vilivyokaushwa, akasema yeye ameshakula. Mbuke akaamini.

Makoye, mwana wa Mbuke na mume wa Apolonia, alikuwa Nyarugusu akitafuta dhahabu. Jirani alifunga ng'ombe wake waliokonda kwenye mkokoteni, akawapeleka wanawake wote wawili hadi hospitali ya misheni. Hakuomba hata maji ya kunywa.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Pantaleo, akavuta kigoda akakaa chini kidogo kuliko Mbuke.

"Marahaba, baba. Mwanangu atapona?"

"Yeye, naamini atapona. Mimba, sijui."

"Hujui, nawe ndiye daktari?"

"Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno, tunaviita seli. Kila chumba kina fito zake, nyembamba kuliko utando wa buibui. Katikati kuna kiini. Fito hukishika kiini, hukibana, hukivuta huku na huku, na kwa kuvutwa hivyo kiini hupata habari za nje. Mzizi aliokula unayeyusha fito."

Mbuke alifikiri. "Basi yeye mbona mnasema atapona?"

"Seli za mtu mzima nyingi zimeshajua kazi yake. Hii ni damu, hii ni mfupa. Fito zitajengwa tena. Lakini mimba changa ni seli zisizojua bado zitakuwa nini. Zinagawanyika, zinauliza. Fito zikilegea, kiini kinakaa kama mtu aliyeangukiwa na nyumba."

"Zifungeni basi, baba. Mna nyuzi, nimewaona mkishona watu."

Daktari hakucheka. "Hatuna mkono unaoingia humo, mama. Dawa ya kuuzuia mzizi huo sina. Nina maji ya kumtundikia, basi."

Wakangoja. Kutapika kukakoma. Wiki ilipopita, nywele za Apolonia zikaanza kubaki kwenye mto, fungu kwa fungu. Alizikusanya mkononi akazitazama.

"We mwali wa Kisumbwa!" aliita Klara, mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa na mguu kwenye plasta. "Umefukuza chawa wako wote waje kwangu? Mimi mguu wa kuwakimbia sina!"

Apolonia alicheka mpaka akashika mbavu. Klara akavua kilemba chake, akamrushia. Mbuke akamfunga mkwewe taratibu, asiivute ngozi.

"Wabeja, Klara," alishukuru Mbuke.

"Ah, mayu, kilikuwa kinanibana."

Jioni ile ile damu ilianza. Daktari alikuja mbio, akafanya aliyoyaweza, na mimba ikatoka. Baadaye alisimama mlangoni akiwa ameshika mikono yake kama vitu asivyovijua matumizi.

"Nimetazama tu, mama."

"Ulikaa nasi, baba."

Kesho yake yule jirani alipita na mkokoteni. Mbuzi alikuwa amemwachia yeye siku zote hizo, Mbuke asingeweza kubaki zaidi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akimpapasa Apolonia miguu iliyokuwa baridi.

"Watasema nirudishwe kwetu," Apolonia alisema.

"Nani atasema? Kaya ni yangu."

"Makoye je?"

Mbuke akaendelea kupapasa. Nje jirani alimwita, si kwa ukali. Alipoinuka, Apolonia alimshika upindo wa kanga.

"Utakuja tena, mayu? Njoo, hata kama sina kitu cha kukuonyesha."