Inveta ya Naseeb

Wiki nzima Naseeb hakuwa na habari nyingine ila inveta. Ukiingia dukani kwake pale Rosettenville, kusini kabisa mwa Afrika, kutafuta chaja ya simu, kwanza utasikia habari za inveta aliyoinunua, ingawa bado imo ndani ya boksi: betri yake kubwa, haina kelele, umeme ukikatika wewe hata hujui. "Mtaa mzima giza, kwangu mchana," alisema, kifua mbele, utadhani kaiunda yeye.

Tumsamehe, maana mwenzetu alikuwa na shida. Mkewe, Samira, alikuwa mzazi. Karimu, mtoto wao wa kwanza, hajatimiza hata wiki mbili. Bi Tumu, mama yake Samira, katoka Unguja kuja kumlea mwanawe hadi arubaini. Baridi ya mwezi wa saba ikampokea uwanja wa ndege na haikumwacha tena. Alivaa sweta, juu ya sweta koti la mkwewe, juu ya koti kanga mbili, na bado meno yakagongana.

Sasa, Bi Tumu hakuwa mtu wa kusemeshana na mkwewe uso kwa uso. Haya zake hazikumruhusu. Tangu harusi hajamwita Naseeb kwa jina hata siku moja. Alilokuwa nalo alimwambia mjukuu, na mjukuu, ambaye kazi yake ni kunyonya na kulala, akawa ndiye mjumbe.

"Karimu we, mwambie babako," alisema asubuhi ile, na babake yupo palepale na kikombe cha chai, "mzazi haekwi ndani ya friji. Umeme ukikatika tena leo nikalala na baridi, nakuchukua wewe na mamako, twende zetu Unguja. Yeye atatufuata jua likirudi huku kwao."

Naseeb chai ikamshinda. Ndiyo kwanza ameanza kuzoea kunusa kile kichwa kidogo kabla ya kwenda dukani. Akikose miezi yote hiyo? Hawezi, wallahi hawezi!

"Karimu, mwambie bibi asiwe na wasiwasi," akasema. "Leo baba anafunga inveta. Hita haizimiki tena."

"Na lile blanketi langu la umeme?" Samira akauliza.

"Lile la juu ya kabati? Liache hukohuko. Nina inveta mimi, blanketi la nini?"

Jioni, magharibi imeshaingia, transfoma ya mtaa ikalia puu! Nyumba ya jirani mtu akapiga kelele, "Eish!" Lakini kwa Naseeb taa hazikupepesa. Friji linanguruma, televisheni inaendelea. Bi Tumu akainua uso.

"Karimu, mwambie babako kajitahidi."

Naseeb nusura acheze. Akaisogeza hita mbele ya mama mkwe, akaiwasha mpaka mwisho. Ikaanza kuwa nyekundu. Inveta nayo ikaanza, ti-ti-ti-ti, kisha kimya, na nyumba nzima giza. Akaiwasha upya. Ti-ti-ti-ti, giza.

Kumbe inveta ile nguvu zake ni za taa, friji na televisheni. Hita peke yake ilitaka zaidi ya mara mbili ya nguvu hizo. Muuzaji alimwambia. Alimwambia vizuri kabisa, ila wakati ule Naseeb alikuwa anafikiria atakavyowaringia watu.

Kwenye giza ikasikika zipu ya mkoba wa safari.

"Karimu, muage babako," Bi Tumu akasema.

Hapo maringo yote yakamtoka. Akachomoa hita, akapanda kiti kwa tochi ya simu, akalishusha lile blanketi yeye mwenyewe. "Samira," akasema kwa sauti ya chini, "linakula umeme mwingi hili?"

"Hata hiyo televisheni yako inakula zaidi."

Akalitandika chini ya shuka kwenye kitanda cha wanawake, akachomeka, akaiwasha inveta tena. Haikulia. Akasubiri, akapapasa shuka. Joto! Samira akalizima kwanza, ndipo yeye na mamake wakapanda na mtoto, na Naseeb akatoka, akavuta mlango, akakaa ukumbini na shati tupu, mikono kwapani. Hakuwa na hamu hata ya kuitazama ile inveta. Alitega sikio tu asikie kama zipu italia tena.

Akasikia shuka zikivutwa. Kisha Bi Tumu akacheka, cheko la kutoka tumboni. "Yarabi! Kitanda kama mkate wa moto!"

Naseeb akashusha pumzi, na meno yake nayo yakaanza kugongana.

"Naseeb!"

Akashtuka. Sauti ile haikuwa ya Samira.

"Naseeb, mwanangu, unatetemekea nini huko nje? Njoo uchukue koti lako. Na huu mkoba wangu upandishe juu ya kabati, palipokuwa na blanketi."

"Naam, mama," akaitika, na akasahau kabisa kuyapitisha maneno kwa mtoto.