Upembuzi Yakinifu wa Krismasi

Tusimsingizie mtu: aliyedai aletwe mtaalamu huru ni Theopista mwenyewe. Diwani Primus alipotangaza kwamba uwanja wa gulio la ndizi utageuzwa maegesho ya kisasa ya magari, mama huyu alisimama mkutanoni, akajifunga kanga kiunoni. Ujane wake wote ameuzia ndizi pale, na mwanawe Rodney alisomeshwa na uwanja ule. Kuuondoa ni kumnyang'anya kijiko mdomoni.

"Magari gani, Primus?" akafoka. "Hapa wanapita ng'ombe na bodaboda! Lete upembuzi yakinifu kwanza, tena ufanywe na mtu huru, siyo shemeji yako!"

Watu wakapiga makofi. Primus akatabasamu. Laiti Theopista angelijua maana ya tabasamu lile, angelikaa chini.

Mtaalamu akaletwa, bwana mmoja wa Soweto, mjini Moshi, jina lake Fredy. Huru haswa! Alilala kwa diwani, akala mbuzi wa diwani, akanywa mbege ya diwani, na uhuru wake haukupata hata mkwaruzo. Mchana aliweka kiti kando ya barabara akahesabu magari. Na siku alizopangiwa na diwani? Wiki ya Krismasi! Wiki ambayo Mchaga, popote alipo, hurudi kwao, na asiye na gari huazima.

Theopista hata hakumwona Fredy. Angemwonaje, na Rodney ameshatua kutoka Dar na gari jeusi linalong'aa? Mama alikuwa amekata migomba mitatu hapo getini ili lipate pa kulala, maana gari la Krismasi hulala nyumbani, majirani walione. Basi wakaenda nalo kanisani. Wakaenda nalo bucha, na bucha iko pua na mdomo. Wakaenda nalo Uru kwa shangazi, wakarudi, wakapita tena mbele ya nyumba ya Leonia, hasimu wake wa gulioni, kwa sababu mara ya kwanza Leonia alikuwa jikoni.

"Polepole, mwanangu," Theopista alimwambia. "Na dirisha shusha."

Februari ripoti ikasomwa pale pale uwanjani. Magari ni mengi kupita kiasi, akasema Fredy. Bila maegesho kijiji kitasongwa.

Theopista akaruka. "Uongo mtupu! Hayo magari yalipita mbinguni?"

Fredy akainua picha kubwa aliyoipiga pale barabarani. Theopista dirishani mwa gari, kilemba kipya, anapunga mkono. Akainua nyingine. Theopista tena. Ya tatu, Theopista anaenda bucha.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Leonia akajishika mbavu. Ruwa wangu, Mungu wangu! Theopista alitamani ardhi ipasuke. Alimkasirikia Primus, lakini alijikasirikia mwenyewe zaidi.

"Sawa, ni mimi!" akapaza sauti. "Lakini gari lililala kwangu! Na nyie, magari ya watoto wenu yalilala wapi? Maegesho ya nini?"

Kicheko kikafifia. "Kwangu," akasema mmoja. "Kwangu," akasema mwingine. Hata Leonia akakiri: kwake.

"Hoja nzuri sana, mama," akasema Primus. "Tutaifanyia upembuzi mwingine. Desemba."

Kesho yake mabati yakazungushwa uwanjani. Kifusi kikamwagwa, geti likasimikwa.

Wauza ndizi wangeenda wapi? Walihamia kwa Theopista, pale alipokata migomba. Wa kwanza kutua mkungu wake alikuwa Leonia, wala hakubisha hodi.

Krismasi ikafika tena, honi ikalia nje. Rodney akachungulia uani: mikungu, vikapu na akina mama kila kona.

"Shikamoo, mama. Sasa gari nililaze wapi?"

"Marahaba. Geuza urudi chini, ukalilaze kwenye maegesho. Yamejengwa kwa ajili yako."

"Mama, nimepita pale. Hakuna gari hata moja!"

"Yupo Fredy, amekaa na kiti chake tangu asubuhi." Theopista akaendelea kupanga ndizi zake. "Nenda, baba, ukahesabiwe. Na dirisha shusha."