Mwanga wa Zambarau

Evodie Mbuyu alirudi Kalemie na udaktari wa fizikia, pamoja na leza ya zamani ambayo profesa wake wa Ulaya alimpa isitupwe. Katika chuo cha Kalemie alikopata kazi walimuuliza itamfaa nini. Akawaeleza kwamba mwanga mkali ukiingia ndani ya jiwe huzitikisa elektroni zake, nalo jiwe hujibu kwa mwanga wa rangi nyingine. Ukiufuatilia mwanga huo huku ukiligeuza jiwe, unajua elektroni zinavyokwenda humo ndani.

Jiwe alilolitaka ni kasiterite, jiwe la bati, ya Manono. Baba yake aliichimba mpaka shimo likamfukia.

Miaka ikaishia kwenye umeme unaokatika na vioo vinavyoshika ukungu wa ziwa. Aliyebaki kumsaidia ni Papa Onésime, fundi umeme wa chuo. Yeye ndiye aliyejua pia kwamba Evodie huona kwa jicho moja tu. La kushoto lilikufa kwa surua utotoni.

Asubuhi moja umeme ukatulia. Mwale wa leza ile hauonekani kwa macho, hivyo wote wawili walivaa miwani ya kujikinga. Evodie akaigeuza punje ya kasiterite polepole, akiongeza nguvu. Karatasi iliyo nyuma ya punje, ambako rangi ilipaswa kutua, ikabaki nyeupe. Akatambua kwamba miwani inayomkinga ndiyo inayoficha rangi anayoitafuta. Onésime akamsihi wazime, watafute kamera. Evodie akafikiria umeme wa kesho, akavua miwani; Onésime naye akavua yake.

Rangi ilikuwepo: kitone cha zambarau, hafifu, kinatetemeka. Akainama akitazame vizuri, huku akiendelea kuigeuza punje. Mwale ukadunda kwenye ukingo wa punje, ukamwingia jichoni. Hakuhisi maumivu yoyote. Katikati ya kila kitu pakawa peusi.

Daktari alisema nyama ya ndani ya jicho imeungua, na hata Lubumbashi hawataiponya.

Onésime alipokuja kumwona nyumbani, Evodie alimuuliza jambo moja.

"Papa, na wewe ulivua miwani. Wakati nilikuwa nageuza jiwe, ile rangi ilikuwa inapungua, ao ilibakia vile vile?"



"Sikuangalia rangi, Mama. Nilikuwa naangalia wewe."

Evodie akageukia ukutani.

Chuoni hakuna mwingine anayejua kuiwasha leza ile, na chumba kimefungwa. Onésime bado huja kila Jumapili baada ya misa. Evodie humwona mabega na mikono, uso hauoni, na hamuulizi tena kitu.